Toa DNA ya ndizi jikoni kwako, kisha tuisome pamoja

Habari zenu watazamaji, karibuni. Mezani nina ndizi, chumvi, sabuni ya kuoshea vyombo, spiriti na karatasi mbili. Kwa vitu hivi tutatoa DNA kwenye ndizi mpaka uione kwa macho yako, halafu tutashika kalamu tuone inavyotunza maelezo ya mwili, inavyonakiliwa, na maelezo hayo yanavyogeuka kuwa protini. Wanafunzi wa bayolojia wa S4 mpaka S6, yaani sekondari mwaka wa nne hadi wa sita hapa Uganda, kazi hii ni yenu. Wazazi nao wasiondoke, sehemu ya mwisho inawagusa.

Tuanze na spiriti. Iweke kwenye friza sasa hivi, kabla hujagusa ndizi, kwa sababu isipokuwa baridi sana utaona kidogo tu. Nunua duka la dawa, iwe na alkoholi ya asilimia 70 au zaidi. Ukipata ya 95, hiyo ndiyo yenyewe. Najua kuna atakayeuliza kama waragi, ile pombe kali yetu, inafaa. Haifai. Waragi ya chupa ina kilevi cha asilimia 40 hivi, sehemu kubwa iliyobaki ni maji, na DNA ikipata maji ya kutosha inabaki imeyeyuka humo humo. Kama huna friji, zungushia chupa vipande vya barafu kwenye beseni. Na sigiri itoke nje kabla hujafungua chupa, spiriti inadaka moto upesi.

Sasa ndizi. Mimi natumia sukali ndizi, zile ndogo tamu, mbili zilizoiva mpaka ganda limeanza madoadoa. Nusu ya bogoya, ile ndizi kubwa ya kula mbivu, inafaa pia. Matoke mabichi, ndizi za kupika, yaacheni yaende kwenye sufuria. Ni magumu, na utomvu wake utakushika vidole siku nzima. Menya, tia kwenye kaveera (mfuko wa plastiki) safi, funga mdomo, uponde kwa kiganja mpaka iwe uji usio na mabonge. Usiwe na haraka hapa. Bonge moja lililobaki ni maelfu ya seli ambazo hazijafunguka.

Kwenye kikombe kingine weka nusu kikombe cha maji ya uvuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi, na vijiko viwili vya chai vya sabuni ya maji. Koroga taratibu. Povu likijaa utapata shida baadaye kuona kilicho chini yake. Mimina mchanganyiko huu ndani ya kaveera yenye ndizi, papasa kwa nje kwa upole, uache dakika 10.

Tukiwa tunasubiri, tuangalie kinachotokea ndani ya hiyo kaveera. Kuponda kumevunja kuta za seli. Sabuni inafanya kile kile inachofanya kwenye sahani yenye mafuta: utando wa seli na utando wa kiini vimejengwa kwa mafuta, kwa hiyo vinasambaratika, na DNA iliyokuwa imefungiwa kwenye kiini inatoka. Chumvi ina kazi yake. Uzi wa DNA una fosfati zenye chaji hasi mwanzo hadi mwisho, na chaji hizo zinafanya nyuzi zisukumane. Sodiamu ya chumvi inazituliza, nyuzi zikaribiane. Ukiwa na nanasi, kamua matone machache utie sasa. Lina kimeng'enya kinachokata protini zilizoshikamana na DNA. Si lazima.

Dakika zimetimia. Chuja kwenye glasi nyembamba kwa kitambaa cheupe. Acha idondoke yenyewe, usikamue, ukikamua nyama ya ndizi itapita. Toa spiriti kwenye friza. Inamisha glasi, uimimine polepole ikitambaa ukutani mwa glasi, kiasi sawa na juisi iliyomo. Inatakiwa ikae juu kama tabaka la peke yake. Usikoroge! Weka glasi mezani na usiiguse.

Sogeza kamera hapa, mdogo wangu. Hapa hapa, kwenye mpaka wa tabaka mbili. Mnaona viputo vidogo vinavyopanda? Nyuma yake kuna kitu cheupe kinajikusanya na kupanda juu, kama pamba iliyolowa. Chukua kijiti cha meno, kiingize, ukizungushe upande mmoja tu. Kinajizungusha na kuvutika, ukiinua kinaning'inia.

Niwe mkweli: hiyo si DNA tupu. Ndizi ina pektini nyingi, ile inayogandisha jamu, nayo hutoka pamoja na DNA, RNA (ndugu yake DNA, tutakutana nayo mbele) na mabaki ya protini. Video nyingi hazisemi hivyo. Uzi mmoja wa DNA una unene wa nanomita 2 tu, hauonekani hata kwa darubini ya shuleni. Unachokiona ni nyuzi nyingi mno zilizogandamana.

Weka glasi pembeni, vuta karatasi. Kata vipande viwili virefu. Kwenye cha kwanza andika herufi hizi, ukiacha nafasi kila baada ya tatu: ACT CCT GAG GAG. Herufi hizi zinasimamia besi nne za DNA: adenini, thimini, sitosini na guanini. Alfabeti nzima ndiyo hiyo. Ya ndizi, ya twiga, ya kwako. Kinachotofautisha ni mpangilio. Binadamu ana herufi kama bilioni 3.2 katika seti moja, na kila seli ya kawaida ya mwili yenye kiini imebeba seti mbili, ya mama na ya baba. DNA ya seli moja ukiinyoosha inafika karibu mita 2, nayo imekunjwa kwenye vifurushi 46 viitwavyo kromosomu ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho.

Kipande cha pili kiweke chini ya cha kwanza. Kanuni ni moja: A inakaa na T, G inakaa na C. Andika basi TGA GGA CTC CTC. Umbo hili la nyuzi mbili zilizosokotana lilitangazwa na Watson na Crick mwaka 1953, wakitegemea sana picha za eksirei zilizotoka kwa Rosalind Franklin.

Hatua ya kunakili. Tenganisha vipande vyako viwili. Kata vingine viwili vitupu, kila kimoja ukiweke chini ya kipande kimoja cha zamani, ujaze herufi kwa kanuni ile ile. Umepata jozi mbili zinazofanana, na kila jozi ina uzi mmoja wa zamani na mmoja mpya. Meselson na Stahl walithibitisha jambo hilo kwa bakteria mwaka 1958. Ndani ya seli, kimeng'enya kimoja kinatenganisha nyuzi na kingine, polimerasi, kinajaza herufi. Kwa binadamu polimerasi inaandika herufi kama 50 kwa sekunde, na ingeanzia mahali pamoja tu seli isingemaliza. Kwa hiyo kazi inaanzia maelfu ya mahali kwa mpigo. Kisha polimerasi inakagua ilichoandika. Baada ya marekebisho yote, kosa linabaki takriban moja katika herufi bilioni.

Shamba la matoke ni mfano mzuri wa kunakili, na naona tunalipita kila siku bila kulifikiria. Matoke yana seti tatu za kromosomu 11, jumla 33. Seti tatu hazigawanyiki sawasawa wakati wa kutengeneza chembe za uzazi, ndiyo maana hukuti mbegu ngumu ndani. Mkulima anapanda chipukizi, na chipukizi limejengwa na seli zilizonakiliwa kutoka kwa mama yake. Ugonjwa ukiuweza mgomba mmoja wa aina fulani, umewaweza ndugu zake wote, na ndiyo maana watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Kawanda wanahangaika kuzalisha aina mpya.

Sasa protini. Chukua kipande cha chini, TGA GGA CTC CTC, utengeneze nakala ya RNA. Kanuni ni ile ile, ila RNA haina T, inatumia U. Utapata ACU CCU GAG GAG. Nakala hii inatoka kwenye kiini na kwenda kwa ribosomu, kiwanda cha protini cha seli, ambayo inasoma herufi tatu tatu. Kila tatu ni kodoni, na kodoni moja inaita asidi amino moja, kijenzi kimoja cha protini. Zako zinasema: treonini, prolini, asidi ya glutamiki, asidi ya glutamiki. Kodoni zote ni 64. 61 zinaita asidi amino 20, tatu zilizobaki zinaamuru kusimama.

Herufi hizo 12 sikuzibuni. Zimo kwenye kromosomu yako ya 11, kwenye jeni (kipande cha DNA chenye maelezo ya protini) ya beta globini, sehemu ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Tafuta herufi ya 8, ile A katikati ya GAG ya kwanza. Ifute, andika T. Rekebisha uzi wa chini uwe CAC, na RNA iwe GUG. Kodoni hiyo inaita valini badala ya glutamiki. Glutamiki ina chaji na inakaa vizuri kwenye maji, valini inayakwepa. Oksijeni ikipungua, himoglobini zenye valini zinashikana na kuwa nyuzi ngumu, chembe nyekundu ya damu inapinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Huo ndio ugonjwa wa selimundu, siko seli. Herufi moja.

Utafiti uliotolewa mwaka 2016 ulipima matone ya damu ya watoto wachanga zaidi ya 97,000 kutoka kila pembe ya Uganda. Asilimia 13.3 walikuwa na nakala moja iliyobadilika, yaani AS, na asilimia 0.7 walikuwa na mbili, SS. Mwenye AS kwa kawaida haumwi, na malaria kali humpata kwa nadra zaidi, ndiyo maana herufi hiyo imedumu katika nchi za mbu kama yetu. Lakini AS wawili wakizaa, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS. Pimeni kabla ya kukata keki ya harusi.

Jambo moja zaidi wazazi hushangaa: mtoto wa SS huzaliwa akiwa mzima, maumivu na kuvimba vidole huanza baada ya miezi kadhaa. Jeni iliyobadilika ilikuwemo tangu mimba, ila haikuwa imewashwa sawasawa. Tumboni mtoto hutumia himoglobini ya kichanga, inayotokana na jeni nyingine. Baada ya kuzaliwa hiyo inazimwa polepole na beta inachukua nafasi. Dawa ya haidroksiyurea inasaidia kwa kuirudisha kiasi ile ya kichanga. Jeni ya beta imo pia kwenye seli za ngozi yako, lakini huko imezimwa. Inasomwa kwenye uboho, chembe nyekundu zinakotengenezwa.

Kabla hujakunja karatasi, fanya mawili. Rudisha GAG ya kwanza kama ilivyokuwa, kisha badilisha herufi ya 9 iwe A. RNA inakuwa GAA, na GAA nayo inaita glutamiki. Protini haijabadilika hata kidogo. Irudishe tena, halafu badilisha herufi ya 7 iwe T. RNA inakuwa UAG, na UAG ni amri ya kusimama: protini yako imekatika baada ya prolini.