Kitambulisho, Alama za Vidole na Faragha Yetu

ZAWADI: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Zawadi, na kaka Musa yuko hapa kama kawaida. Musa, tuanze na Huduma Namba, ule mpango wa Kenya wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho, maana Maisha Namba, mfumo uliochukua nafasi yake, imerithi maswali yake yote.

MUSA: Sawa, ila msimamo wangu nautaja mapema. Serikali ina haki ya kujua raia wake ni nani. Bila kitambulisho hupigi kura, husajili laini ya simu, hufungui akaunti benki. Anayebeza vitambulisho hajawahi kukaa bila kimoja.

ZAWADI: Sibezi hata kidogo. Kinachoniuma ni jinsi mambo yalivyofanywa kinyume. Aprili na Mei 2019 watu walipiga foleni kwa machifu, zaidi ya milioni 30, wakatoa alama za vidole. Sheria ya Ulinzi wa Data ikatiwa saini Novemba, usajili umeshakwisha. Na kipengele kilichoanzisha mfumo wenyewe kilipitishwa 2018 ndani ya sheria ya marekebisho madogo madogo. Humo ndimo walimotia DNA na kunasa mahali unapoishi kwa GPS!

MUSA: La DNA lilinishtua hata mimi. Bahati nzuri Mahakama Kuu ililitupa Januari 2020, pamoja na hilo la GPS. Lakini majaji hawakuuzima mfumo. Walisema uendelee, mradi ziwepo kanuni kamili za kuulinda.

ZAWADI: Na kadi zilipoanza kutolewa Novemba 2020, mambo yakarudi mahakamani. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah akasema utoaji huo ni batili, kwa sababu tathmini ya athari za kushughulikia data za watu, inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data, haikufanywa kwanza.

MUSA: Serikali ilisema sheria hiyo haikuwepo wakati wa usajili. Si hoja hiyo?

ZAWADI: Faragha imo kwenye Katiba tangu 2010, Kifungu cha 31. Wajibu wa kuilinda ulikuwepo siku ile mtu wa kwanza alipobonyeza kidole.

MUSA: Haya, nakubali.

ZAWADI: Sasa twende Garissa, kaskazini mashariki mwa nchi, maana huko ndiko jambo hili linaponiliza. Ukame ulipobana, familia za Wakenya wenye asili ya Kisomali ziliingia kambi za wakimbizi za Dadaab ili zipate chakula. Mtoto akachukuliwa alama za vidole, akaandikwa mkimbizi. Akifika miaka 18 anaenda kuomba kitambulisho, anaweka kidole kwenye mashine, mashine inasema huyu ni mkimbizi. Mama ana kitambulisho, baba anacho, yeye hana. Hakuna kazi ya kuajiriwa, hakuna laini kwa jina lake, na kwenye kizuizi cha polisi anashushwa basi. Walionaswa hivyo ni maelfu kwa maelfu, Musa.

MUSA: Kwa ajili ya kibaba cha unga. Hapo siwezi kuitetea serikali.

ZAWADI: Na Wanubi wa Kibera, hapa Nairobi, walioko nchini tangu enzi za mkoloni, vijana wao walikuwa wakipigwa msasa na kamati za wazee huku wenzao wa mitaa mingine wakiandikishwa bila maswali. Ndiyo maana shirika lao, Nubian Rights Forum, lilikuwa mstari wa mbele kwenye ile kesi ya kwanza.

MUSA: Lakini dada, mbona tunaikodolea macho serikali pekee? Ingia jumba lolote la ofisi Nairobi. Askari langoni anabaki na kitambulisho chako, wewe unaandika kwenye daftari jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu. Ukurasa uko wazi, unasoma za wote waliokutangulia. Hakuna anayeuliza daftari likijaa linapelekwa wapi.

ZAWADI: Unakumbuka Juni 2021? Watu waliangalia mtandaoni wakajikuta ni wanachama wa vyama vya siasa wasivyowahi kujiunga navyo. Wengi walishuku madaftari kama hayo, na yale ya mawakala wa pesa za simu.

MUSA: Nakumbuka, malalamiko yalimiminika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Basi sheria inafanya kazi kidogo. Una haki ya kuonyeshwa data zako na kudai zirekebishwe.

ZAWADI: Wewe wa mjini, mwenye simu na wakili rafiki. Yule wa Garissa atadai kwa nani, wakati kila ofisi inamtaka kwanza aonyeshe kitambulisho?

MUSA: Basi Maisha Namba, inayompa mtoto namba tangu kuzaliwa, nitaiunga mkono kwa sharti moja. Kijana yule afutwe kwenye orodha ya wakimbizi na apewe kitambulisho chake kabla alama zile hazijahamishiwa mfumo mwingine.

ZAWADI: Ukisema hivyo, tuko pamoja.