Ukikwama, Mwandikie Mtu

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Swali ninaloulizwa sana na nyinyi vijana ni hili: mwalimu, ilhamu ya kuandika inapatikana wapi? Wengine mnaniambia stimu zimekata, mnangoja zirudi. Mimi habari ya kungoja siiamini sana. Shaaban Robert, wa hapa hapa Tanga, alikuwa karani serikalini miaka mingi, akianzia forodhani. Mtu wa ajira ya aina ile angengoja ilhamu imkute ana nafasi, tusingekuwa na vitabu vyake.

Kwa ninavyoona, wengi mnaokwama la kusema mnalo. Hamna wa kumwambia. Mnamwandikia “msomaji”, na huyo msomaji hana sura, hana jina, hata hamjui anaishi mtaa gani. Nani ataweza kuzungumza na mtu kama huyo?

Mchukueni Mwana Kupona binti Mshamu, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate. Mnamo mwaka 1858 alitunga utendi, yaani utenzi, kwa ajili ya binti yake, mama mwenyewe akiwa mgonjwa. Nendeni mkasome beti zake za mwanzo, msiziruke kama mlivyozoea shuleni. Anamwambia mtoto kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima, wala hakupata kutamka neno jema la kumwambia. Mwaka mzima! Na mama huyu hauonei haya ukimya huo. Anauweka pale mwanzoni kabisa, ndio unaomfungulia mlango. Kisha anamwita binti asogee, akae, na wino na karatasi viwepo, kwa sababu moyoni ana jambo analotaka kumweleza. Kuanzia hapo beti zinateremka: dini, adabu, mambo ya mume na nyumba. Ushauri wake kuhusu mume mimi hubishana nao kila nikiusoma (naona kina mama wanacheka). Lakini kila ubeti unajua unaongea na nani.

Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyetangulia kidogo, alikuwa na wasikilizaji wa namna nyingine: mahasimu. Mombasa na Lamu zilipokuwa hazielewani, alirushiana mashairi na washairi wa Lamu. Mshairi aliyechokozwa hana muda wa kukwama. Ndiyo maana nayapenda malumbano, hata yale makali ya magazetini yanayowachosha wengine.

Sasa tujaribu hapa hapa. Utenzi una mishororo minne kila ubeti, mizani nane, yaani silabi nane, kila mshororo. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, yaani inaishia kwa silabi ile ile, wa nne unabeba kina cha utenzi mzima. Tuanze na kukwama kwenyewe. “Kalamu imenigoma.” Hesabuni kwa vidole: ka-la-mu-i-me-ni-go-ma. Nane. Kina chetu ni “ma”. Nani ana mshororo? “Mawazo yamehama”? Hiyo ni saba, ndugu yangu. Yamemhama nani? Haya:

Kalamu imenigoma,
mawazo yamenihama,
nimekaa nikakwama,
mwenzangu nakuambia.

Si ubeti wa kupewa tuzo. Ila oneni lile “ni” lililoongezwa ili mizani itimie: limemleta mtu ndani ya mshororo. Kabla yake mawazo yalikuwa yamehama tu, kama wapangaji. Hesabu ya vidole ndiyo iliyotupa hilo, hakuna aliyeliota usiku. Na mshororo wa nne umeshamtaja mwenzangu, kwa hiyo ubeti wa pili lazima umwambie kitu. Utamwambia nini? Sijui, na sitawasaidia.

Wa hadithi na riwaya msidhani mmesalimika. Nyinyi andikeni barua: mhusika wako anamwandikia mtu anayemdai, ukurasa mmoja, na deni litajwe kwa shilingi.

Chai iko tayari pale nje. Kila mmoja aandike ubeti wake au barua yake, ampe aliyekaa kushoto kwake, na huyo ajibu kabla hatujarudi. Anayesema hana kalamu, ninazo tatu hapa mezani, na nitazidai.