Kadi ya gofu: namna ya kuandika alama kwenye shindano lako la kwanza la klabu

Haya, karibuni tena. Leo hatupigi mpira hata mmoja. Fimbo nimeziegemeza ukutani, na mezani hapa nina vitu viwili tu: kadi ya alama na kipenseli kifupi, vile vya kaunta ambavyo kila mtu huondoka navyo na hakuna anayevirudisha. Video hii ni ya wewe ambaye jina lako limetoka kwenye droo ya Jumamosi kwa mara ya kwanza. Mpira unaupiga, si haba. Kinachokutoa jasho ni hii karatasi.

Nasogeza kamera. Mnaiona? Juu kuna jina, tarehe, rangi ya tii mtakazoanzia, na handikapu, yaani mikwaju ya nafuu unayopewa kulingana na uwezo wako. Chini yake mashimo 18, kila moja na urefu wake na pari yake, yaani mikwaju inayotarajiwa kulimaliza. Halafu kuna safu hii ya namba zilizovurugika, 7, 15, 3, 11, ambayo wengi huiruka. Hizi ni indeksi, yaani mpangilio wa mashimo yatakayokupa mikwaju ya nafuu kulingana na handikapu yako. Shimo lenye indeksi 1 ndilo la kwanza kukupa, lenye 18 ni la mwisho. Ishike hiyo, tutairudia.

Ukishapewa kadi kaunta, hakikisha jina ni lako kweli, maana siku ya mashindano kadi hutoka kwa mafungu na huchanganyika. Kisha uliza: "Leo tunacheza medali au Stableford?" Ni njia mbili za kuhesabu alama, tutazifikia. Usione haya. Nimewaona watu wa miaka kumi kwenye mchezo wakiuliza hivyo hivyo, na jibu linabadilisha namna utakavyocheza kutwa nzima.

Handikapu nayo waulize hapo hapo. Ile namba uliyonayo kwenye mfumo wa handikapu wa dunia ulioanza 2020 siyo utakayochezea moja kwa moja. Inageuzwa kufuatana na ugumu wa uwanja na tii za siku hiyo, kisha mara nyingi inakatwa kidogo. Kokotoo hiyo waachie wao. Tangu kanuni za 2023, si jukumu lako kuandika handikapu kwenye kadi wala hutaadhibiwa ikikosewa. Ni kazi ya kamati. Lakini ijue, kwa sababu bila hiyo hutajua wakati wa kuokota mpira na wakati wa kukomaa nao.

Sasa jambo linalowashangaza wageni wote: kadi yenye jina lako hukai nayo wewe. Mkifika tii ya kwanza mnasalimiana, mnaonyeshana mipira ili kila mtu ajue alama iliyo kwenye mpira wa mwenzake, kisha mnabadilishana kadi. Mkiwa watatu, wa kwanza anaandika ya wa pili, wa pili ya wa tatu, wa tatu anarudi kwa wa kwanza. Huyo anayeshika kadi yako ndiye maka wako. Na wewe ni maka wa mtu, kwa hiyo huwezi kutwa nzima ukaangalia mpira wako tu.

Tazama safu hizi mbili. Hii yenye herufi A ni ya mwenye kadi, yule unayemwandikia. Hii nyembamba ya pembeni ni ya maka, na humo unaandika mikwaju yako wewe, kwa kumbukumbu yako. Ukizichanganya hapo, umempa mwenzako mashimo yako mabaya na wewe umejipa mazuri yake, na hamtagundua mpaka mashimo matano yamepita. Ninachofanya ni hiki: kabla ya mkwaju wa kwanza naandika herufi za kwanza za jina lake juu ya A, na neno "mimi" juu ya safu ya pembeni. Ni utoto, lakini umeniokoa.

Twende uwanjani kichwani. Shimo la pari 4. Umepiga kutoka tii, mpira umepinda kulia ukavuka vigingi vyeupe. Hapo ni nje ya mipaka. Huo ni mmoja. Adhabu ni wa pili. Unapiga tena kutoka palepale: wa tatu. Huo umetua vizuri, wa nne umefika kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo lenyewe, ukausukuma mara mbili ukaingia. Kadi inasema 6. Umezungusha fimbo mara tano, lakini kadi inasema 6. Mkwaju wa adhabu ndio unaoponyoka kwenye kumbukumbu, kwa sababu mwili haukuupiga. Kwa hiyo utamke kwa sauti pale pale unapotokea: "Nacheza wa tatu sasa." Maka asikie.

Mpira ukipotea msituni, mna dakika 3 za kuutafuta, si zaidi, na ukikosekana adhabu ni ile ile: mkwaju mmoja na kurudi ulikopigia. Ndiyo maana ukiona umeelekea pabaya unatangaza na kupiga mpira wa akiba kabla ya kuondoka tii, uendelee nao wa kwanza usipoonekana, uokoe safari ya kurudi. Kwenye maji au korongo lenye vigingi vyekundu unaongeza mmoja, unadondosha mpira kando yake, unaendelea.

Halafu kuna mkwaju wa hewa. Hapa nina kisa changu. Shindano langu la kwanza kabisa, shimo la nne, nimesimama mbele ya watu kwenye tii nikazungusha fimbo kwa nguvu zangu zote na mpira ukabaki juu ya kijiti chake unaniangalia. Nikacheka, nao wakacheka, nikapiga tena. Tulipomaliza shimo mzee aliyekuwa maka wangu akauliza, "Ngapi, kijana?" Nikajibu kwa furaha, "Tano, mzee." Hakuandika. Aliweka penseli sikioni akasema, "Tuanzie kwenye tii. Mara ya kwanza ulikuwa unafanya mazoezi au ulikuwa unaupiga mpira?" Nikanyamaza. "Sita, mzee." Akaandika sita, akanipa mkono begani, tukaendelea. Ukiwa umekusudia kuupiga, umehesabiwa, hata kama umeukosa kwa kimo cha mtu. Ukizungusha kwa mazoezi bila nia ya kuupiga, hakuna kitu.

Kama kichwa chako hakishiki hesabu, wapo wanaohamisha kijiti cha tii kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto kila mkwaju. Wengine wana shanga kwenye mkoba. Kedi wako, yule anayekubebea mkoba wa fimbo, pia atakuwa anahesabu, na kwa uzoefu wangu kedi wa huku kwetu hakosei. Atakwambia hata fimbo uliyotumia juzi. Muulize. Ila namba inayoandikwa ni ya kwako na lawama ni yako.

Kuandika kwenyewe kuna adabu yake. Mkimaliza shimo, msisimame kwenye grini mkihesabiana huku kundi la nyuma limeshika viuno. Ondokeni. Mnaandika mkifika tii inayofuata, wakati mwenzenu anajiandaa kupiga. Uliza, "Ngapi?" na umsikie aitaje mwenyewe, kisha ulinganishe na uliyoihesabu wewe. Zikitofautiana, rudieni mkwaju mmoja mmoja hapo hapo, taratibu, bila kutuhumiana. Unachoandika ni mikwaju yote halisi pamoja na adhabu. Usianze kumtolea handikapu kichwani.

Na tumieni penseli. Kalamu ya wino wakati wa masika, kadi ikilowa, inakuwa picha ya kuchora.

Sasa medali na Stableford. Medali ni mikwaju yote ya mashimo 18 ijumlishwe, ndiyo grosi yako. Ukiondoa handikapu unapata neti. (Neti ya gofu, si ya mbu.) Kwenye medali kila mpira lazima uingie shimoni. Ule ukarimu wa mechi za kirafiki, "chukua, huo umeingia," siku hiyo haupo, hata mpira ukiwa upana wa kiganja kutoka shimoni. Ukiuokota bila kuuingiza, na ukapiga tii inayofuata bila kurekebisha, umeondolewa.

Stableford ni rafiki wa mgeni. Mfumo huu unabeba jina la daktari Frank Stableford, na shindano lake la 1932 pale Wallasey, Uingereza, ndilo lililoufanya ushike. Unapewa pointi kila shimo baada ya nafuu yako: ukipata pari pointi 2, ukizidisha mmoja pointi 1, ukizidisha miwili au zaidi sifuri. Ukipunguza mmoja chini ya pari ni 3, ukipunguza miwili ni 4.

Tuseme unachezea handikapu 28. Mashimo ni 18, kwa hiyo kila shimo linakupa mkwaju mmoja, na ile 10 iliyobaki inaenda kwenye indeksi 1 hadi 10. Naandika hapa mtazame. Shimo la kwanza, pari 4, indeksi 7: una nafuu ya miwili. Umepiga 7, toa 2, imebaki 5. Mmoja juu ya pari, pointi 1. Shimo la pili, pari 3, indeksi 15: nafuu mmoja. Umepiga 3, imebaki 2. Pointi 3, na usijizuie kutabasamu. Shimo la tatu, pari 5, indeksi 3: nafuu miwili. Umeingia mchangani, ukatoka, ukarudi mchangani. Umeshapiga 8 na mpira bado uko nje ya shimo. Ukiuingiza sasa ni 9, toa 2 ni 7, sifuri. Basi okota. Maka anaweka kistari, kundi linasonga, na shimo hilo halikudai kitu kingine. Ukimaliza na pointi 36, umecheza sawasawa na handikapu yako, au vizuri kidogo kuliko hiyo kama walikukata.

Pointi si lazima uziandike. Wengi huziandika kwa raha yao, na kamati itazihesabu upya.

Tufike mezani, mashimo yamekwisha. Hapa ndipo watu huharibu, kwa sababu wamechoka na harufu ya mishikaki inawaita. Kaeni chini. Chukua kadi yako kutoka kwa maka, yeye achukue yake. Aliyechukua kadi uliyokuwa umeishika asome shimo kwa shimo ile safu ya pembeni uliyojiandikia, wewe ufuate kwa kidole kwenye kadi yako. "La kwanza, saba. La pili, tatu." Mpaka la 18. Jumla ya chini iache, kujumlisha ni kazi ya kamati. Unachowajibika nacho ni hizi namba 18, kila moja mahali pake.

Aprili 14, 1968, siku alipotimiza miaka 45, Roberto De Vicenzo wa Argentina alipiga 3 kwenye shimo la 17 pale Augusta, Marekani, kwenye shindano kubwa la Masters. Maka wake, Tommy Aaron, aliandika 4. De Vicenzo akasaini bila kuiona. Kanuni inasema namba kubwa uliyosaini inabaki, hivyo 65 yake ya siku hiyo ikawa 66, na badala ya kurudiana na Bob Goalby kesho yake, akashindwa kwa mkwaju mmoja. Mwaka 1957 Jackie Pung alikuwa amemaliza wa kwanza kwenye US Women's Open, shindano kubwa la wanawake la Marekani. Kadi yake ilikuwa na 5 kwenye shimo la nne alilopiga 6. Jumla iliyoandikwa, 72, ilikuwa sahihi kabisa. Haikumsaidia: ukisaini namba pungufu kwa shimo, umeondolewa. Kwenye Stableford kuna nafuu, namba pungufu isipobadilisha pointi za shimo hilo hakuna adhabu.

Zikilingana zote, maka anasaini, wewe unasaini. Sahihi mbili, zihesabu: moja, mbili. Ukiona kosa sasa, lirekebisheni wote wawili mkiwa mmekaa, kwa sababu ukishaitoa kadi na kuondoka eneo la kukabidhi, huwezi kurudi na kipenseli.

Na usikae nayo mfukoni ukinywa soda. Huyu nilimwona: pointi nyingi, kadi ndani ya mkoba, mkoba kwenye buti la gari, na meza ya matokeo imeshafungwa.

Hii yangu imesainiwa. Sanduku liko hapa, kwenye kona ya kaunta. Naitumbukiza.