Kolajeni na Kidonda Kilichogoma Kupona

Wauguzi wenzangu, nanyi ndugu mnaouguza wagonjwa nyumbani, karibuni.

Supu ya makongoro ikilala usiku kucha, asubuhi unaikuta imeganda, inatikisika sufuriani. Kinachoigandisha ni kolajeni, protini iliyolainishwa na moto ikatoka kwenye kano na ngozi ya ng'ombe. Ndiyo hiyo hiyo inayoishikilia ngozi yangu na yako: nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba ya mkonge.

Ukijikata, chembe sahani za damu zikigusa tu kolajeni iliyo wazi zinanata, damu inaganda. Kisha zinakuja makrofaji, seli za ulinzi wa mwili, zinameza vijidudu na mabaki. Nyuma yao ndio mafundi wenyewe, seli ziitwazo fibroblasti, wanaosuka kolajeni mpya. Hata kazi ikikamilika, baada ya miezi mingi, kovu hufikia kama asilimia 80 tu ya nguvu ya ngozi ya awali.

Kilichonileta hapa ni kidonda cha mguu wa mwenye kisukari. Mnakijua: mnafunga, mnafungua, wiki zinapita, kipo vile vile. Mle ndani mna vimeng'enya vinavyotafuna kolajeni. Kwenye kidonda cha kawaida huondoa kilichoharibika, kisha hupungua. Kwenye kidonda sugu havipungui. Fibroblasti zikisuka, vyenyewe vinafumua, na vinaharibu hata zile protini zinazoziamuru seli zikue.

Bandeji ya kolajeni inaingia hapo kama chambo. Vimeng'enya vinashughulika nayo, kolajeni changa ya mgonjwa inapata nafasi ya kukua. Papo hapo inakuwa kiunzi: seli zinatambaa juu yake na kujenga. Kiunzi hicho si jambo la jana. Mwaka 1981 kule Boston, daktari mpasuaji John Burke na Ioannis Yannas wa chuo kikuu cha teknolojia cha MIT walitangaza ngozi bandia ya waathirika wa moto, iliyotengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe na sukari ya mnyororo mrefu itokayo kwenye gegedu la papa, juu ikafunikwa kwa silikoni. Marekani iliidhinisha matumizi yake mwaka 1996.

Bandeji nyingine hutokana na samaki, nyingine nguruwe. Nawasihi, mwambieni mgonjwa kabla ya kumwekea. Ana haki ya kujua, na Mwislamu asije akagundua baadaye.

Lakini msiweke kolajeni juu ya nyama mfu iliyo nyeusi na kavu. Ondoeni kwanza, tibuni maambukizi, pimeni sukari, hakikisheni damu inafika mguuni, na mgonjwa asiukanyagie mguu huo. Bila hayo mtakuwa mmetupa fedha ya familia, na bandeji hizi si rahisi.

Mkifungua baada ya siku chache, mnaweza kukuta bandeji imegeuka jeli ya manjano yenye harufu kidogo. Wengi hushtuka wakidhani ni usaha, wakaanza kusugua. Msisugue. Mwagieni maji ya chumvi ya hospitali polepole, jeli iondoke yenyewe, kisha tazameni chini yake: mnachotafuta ni nyama nyekundu yenye punje ndogo ndogo, inayong'aa kwa unyevu.