Ukimpenda Malenga, Mjibu

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Malenga wenzangu mliotoka mbali, na nyinyi ambao mpaka asubuhi ya leo nilikuwa nawajua kwa namba za simu tu, hamjambo.

Nimepewa mada pana mno: mchango wa makundi ya ushairi katika kukuza vipaji. Nitaibana. Nina jambo moja ambalo wengi wenu mmeshanisikia nikilisema, na wengine mmeshachoka kunisikia. Nitalisema tena kwa sababu bado hatujalifanya. Mshairi anayechipukia hutiwa moyo kwa kusomwa na kujibiwa. Pongezi peke yake hazimfikishi popote.

Mnajua hali ilivyo. Mtu ametunga kutwa nzima, saa tatu usiku anatuma kundini shairi la beti 7. Dakika haijatimia, simu inaanza kulia. "Kongole malenga!" "Wino usikauke!" "Umetisha, kaka!" Makofi, maua, vikatuni vya moto. Jamani, beti 7 za tarbia, yaani mishororo minne kila ubeti, ni mishororo 28. Nani kaisoma mishororo 28 kwa muda huo? Hakuna aliyesoma, na mtunzi anajua kwamba hakuna aliyesoma. Usiku huo atalala kafurahi. Kesho akirudi kwenye karatasi yake, hajui kama ubeti wa nne umesimama au umelala. Hajui kama kile kibwagizo kilichomsumbua siku nzima kimemgusa mtu. Ametupiwa maua na watu waliokuwa wanapita njia.

Halafu tunashangaa. Tunaulizana, yule kijana aliyekuwa analeta mashairi mazuri kila wiki yuko wapi siku hizi? Kaondoka. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemfukuza. Alichoka kuambiwa neno lile lile analoambiwa kila mtu, hata yule aliyenakili shairi la mwenzake akabadilisha jina.

Sasa niwape mfano wa kundi letu, na naomba mnivumilie, maana nataka tuutazame neno kwa neno.

Alijiunga binti mmoja, mwanachuo wa ualimu. Kwa muda mrefu alikuwa msomaji tu, haandiki kitu. Usiku mmoja akaleta ubeti mmoja, akautanguliza na maneno "naombeni msinicheke". Ulikuwa hivi:

Na jogoo hajawika, mama keshafika jikoni,
Mafuta yanaporuka, humchoma mikononi,
Ada yangu ameweka, kaifunga upindoni,
Mama yangu nikupeni, ujue nimeshukuru?

Kongole zikaanza kumiminika, kama kawaida yetu. Lakini kundini tunaye mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, shule yake iliishia darasa la saba. Yeye hakutuma ua wala kofi. Baada ya muda akaandika: "Mwanangu, mshororo wa pili umenikalia kooni. Mafuta hayo umeyatoa wapi?" Binti akajibu: "Ni mikono ya mama, Babu. Anakaanga samaki wa kuuza. Ina madoa mpaka kwenye viwiko."

Angalieni alichofanya mzee. Katika mishororo minne kachagua mmoja, akamwonyesha mtunzi kwamba hapa ndipo ulipo ushairi wako. Kumshukuru mama kila mtu anamshukuru. Ushairi uko kwenye mafuta yanayoruka na hela iliyofungwa kwenye upindo wa kanga. Binti yule hakulijua hilo. Alidhani uzuri wa ubeti wake uko kwenye vina. Tangu siku ile, mashairi yake yote yana vitu ndani: sufuria, ndoo, tiketi ya basi, sare iliyopauka. Aliyemfundisha hivyo ni mzee mmoja kwa swali moja.

Hapo ndipo mwingine akaingia, mwalimu wa shule ya msingi, akamwambia kwa upole: "Dada, hebu hesabu tena utao, kile kipande cha pili, wa mshororo wa kwanza." Tuhesabu pamoja. Ma-ma-ke-sha-fi-ka-ji-ko-ni. Tisa! Mizani, yaani silabi, imezidi moja. Mtu mwingine akarukia: weka "mama yuko jikoni". Haya, ma-ma-yu-ko-ji-ko-ni. Saba. Sasa imepungua. Watu wakakuna vichwa. Binti mwenyewe, yule yule aliyeomba asichekwe, ndiye aliyerudi na jawabu: "Mama kafika jikoni." Ma-ma-ka-fi-ka-ji-ko-ni. Nane kamili, na mshororo umekuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa. Kosa limetoka, na aliyelitoa ni mwenye shairi. Ninapowaambia tusomane, nataka hicho.

Na mzee hakuishia hapo. Kesho yake alfajiri akaleta jibu, kwa vina vile vile vya binti:

Shairi limenifika, la mama yako jikoni,
Machozi yakanitoka, kwa mafuta mikononi,
Wangu mama alichoka, kwa jembe lake shambani,
Umsomee jikoni, ajue umeshukuru.

Binti kauliza "nikupeni", mzee kamjibu: hilo shairi lenyewe ndilo la kumpa, nenda kamsomee pale pale alipo. Na kaenda. Alituambia mama yake alisikiliza beti zote mbili, wa binti na wa mzee, kisha akauliza: "Huyo mzee anayelilia mafuta ya watu ni nani?" Kundi zima tulicheka. Baada ya hapo mkono haukushikika. Mmoja kaleta wa bibi yake anayesuka ukili, mwingine wa baba yake mlinzi wa usiku, wote kwa vina vya -ka na -ni, wakipokezana. Watu waliokuwa kimya tangu wajiunge wakaandika siku ile.

Mkiniambia hili ni jambo langu jipya, nitawakatalia. Ushairi wetu umelelewa hivi hivi. Kule Pemba, malenga Kamange na Sarahani walijibizana kwa mashairi, na mmoja alimnoa mwenzake. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alikuwa anatunga huku akijua kwamba upande wa pili yuko mtu atakayemjibu, tena amjibu kwa ukali. Na tungo zake zilikaa vichwani mwa watu kwa miaka mingi baada ya kifo chake, mpaka akina Mwalimu Sikujua wakazikusanya na kuziandika. Fikirini: zilikaa vichwani! Mtu hahifadhi kichwani kitu alichokipigia makofi bila kukisoma. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza Tanganyika mwaka 1923, kurasa zake za mashairi zilikuwa baraza la watu wa kawaida. Makarani, walimu, mafundi. Mtu anauliza jambo kwa shairi kutoka wilaya moja, anajibiwa kwa shairi kutoka wilaya nyingine, na gazeti lenyewe linachukua wiki kadhaa kuwafikia. Wao walisubiri jibu kwa wiki. Sisi tuna simu mkononi, jibu linafika kabla chai haijapoa, na tunachotumiana ni kikatuni cha moto.

Najua wapo watakaosema: "Mwalimu, hayo ni ya watu wa Pwani, waliozaliwa na lugha. Sisi wa bara, wa Goma, wa Bujumbura, tutawezaje?" Hili huwa linaniudhi, naomba mniwie radhi. Mathias Mnyampala, baba wa ngonjera, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, alizaliwa Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mtu huyu baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam, kisha waziri. Hakuwa mtu wa kukosa kazi. Lakini alikaa chini akamwandikia anayeanza, akamweleza kina ni nini, mizani ni nini, wapi wengi hukosea. Huko ndiko kutia moyo. Aliona wenzake wanatunga guni, yaani mashairi yenye kasoro ya vina au mizani, akawapa kipimo mkononi wajipime wenyewe.

Wapo pia watakaosema mizani na vina ni mambo ya kale. Ugomvi huo ni wa miaka mingi. Mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa mashairi yake yasiyofuata vina mwaka 1974, wazee walikuja juu, na vijana wakajibu, na majibizano yale yaliwafaa wote. Mimi leo simo kwenye ugomvi huo. Unatunga huru? Tunga. Lakini shairi huru nalo linataka msomaji, tena anayesoma kwa makini zaidi, maana hana mizani ya kumshika mkono. Amuulize mtunzi: kwa nini umekata mstari hapa? Neno hili la mwisho linabeba nini? Ukimwambia "umetisha" umemtupa vile vile.

Na kuna wale wa upande wa pili kabisa, hao nawaogopa kuliko wenye maua. Mtoto wa miaka 18 kaleta shairi lake la kwanza maishani, mtu anamwandikia mbele ya watu mia mbili: "Hili guni. Kasome kwanza." Halafu anaendelea na mambo yake kama aliyetenda wema! Ndugu yangu, ulizaliwa ukihesabu mizani? Ukitaka kumsahihisha mtu, anza pale palipokushika, umwambie ni mshororo gani na kwa nini. Kisha muulize swali. Kosa la mizani mfuate nalo inboksi, au lisemeeni kwa pamoja kama tulivyofanya na yule binti, mkilihesabu wote, na umwachie mwenyewe alitengeneze. Usimwandikie upya shairi lake. Ukishamwandikia upya limekuwa lako, na yeye ameondoka mikono mitupu.

Kuna aliyeniambia kule nje kabla hatujaingia: "Lakini mimi sijui kutunga vizuri, nitamjibuje mtu?" Mjibu hivyo hivyo. Ubeti mmoja unatosha. Ukichukua vina vyake ukajaribu kuvijaza, ndipo utakapojua alivyohangaika kupata neno. Utamheshimu. Na yeye akiona umehangaika na vina vyake, hata kama mizani yako imepelea, atajua kwamba duniani yuko mtu mmoja aliyekaa na shairi lake zaidi ya dakika moja. Mimi nimeona watu wakirudi kutunga kwa sababu ya ubeti mmoja wa jibu, tena ubeti wenye makosa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nilikuwa na mengine. Kuhusu sauti: wachache mno wanarekodi mashairi yao, na shairi la Kiswahili lina mahadhi, linataka kughanwa. Ukilighani mwenyewe, mizani iliyozidi unaisikia kabla hujaambiwa. Hilo tu lingestahili mhadhara wake. Kuhusu wizi wa mashairi, kundi linalosomana humkamata mwizi mapema, kwa sababu tunazijua sauti za wenzetu. Kundi la makofi halimjui mtu, na leo mashine inaweza kutoa tarbia yenye vina kamili ikapewa kongole na ndugu zake wote. Kuhusu kuchapisha diwani, tuliache. Mtu anakimbilia kuchapa hajasomwa hata na watu watano, analipa fedha yake mwenyewe, vitabu vinajaa chini ya kitanda. Tutalizungumza siku nyingine.

Sasa ombi langu, na viongozi wa makundi mlioko hapa naomba mliandike. Tengeni siku moja kwa wiki. Siku hiyo shairi ni moja tu, la mtu mmoja, na kila anayetaka kusema anataja mshororo. Kikatuni kisipite. Kongole isipite peke yake. Anayeweza alete ubeti wa kujibu, kwa vina vya mwenye shairi. Zamu iende kwa wote, waanze wale ambao hawajawahi kuleta kitu, kwa sababu hao ndio wanaotusoma kila siku na hatujui hata majina yao.

Na kwa leo, kabla ya chakula, kila mmoja abadilishane shairi na aliyekaa kulia kwake. Karatasi ziko pale mezani. Kuna dakika 20. Usiandike jina lako juu, andika mshororo uliokushika, kisha ubeti wako chini yake. Bi mkubwa pale nyuma, naona huna mwenzi upande wa kulia. Njoo mbele, tubadilishane mimi na wewe.