Vitu vya mtoto mchanga: vyote viingie kwenye beseni moja

Habari zenu wapendwa watazamaji. Mnaniona nimekaa mkekani, na mbele yangu kuna beseni. Ni beseni la plastiki la kawaida, lile kubwa la kufulia. Leo hili ndilo hakimu wetu. Kitu kikiingia humu, kinunue. Kisipoingia, kisubiri mpaka mtoto atimize arobaini yake, halafu utaangalia kama bado unakitaka.

Hili nimelijua kwa hasara. Mimba yangu ya kwanza nilinunua kigari cha kusukuma, cha magurudumu manne, kina paa na kapu chini. Hela yote ya mchezo wetu wa akina mama iliishia hapo. Sasa mimi naishi Mbagala. Ukitoka getini kwetu ni mchanga, ukimaliza mchanga ni mtaro, ukivuka mtaro ni bodaboda. Mtoto alipanda kile kigari mara mbili, zote sebuleni. Baada ya hapo tukawa tunaanikia soksi. Na usiku wa kujifungua, mimi mwenye kigari sikuwa na mpira wa kulalia. Baba watoto alitoka saa nane usiku kwenda kugonga maduka.

Haya, tuanze. Sogeza kamera kidogo, naona imenikata miguu.

Hatua ya kwanza ni kutonunua chochote. Nenda kliniki na kalamu. Mimba ikifika miezi saba hivi, muulize nesi: "Dada, hapa mnataka nije na nini?" Orodha hazifanani. Kuna wanaotaka glovu, pamba, nyembe, kibanio cha kitovu na makintoshi, yaani huo mpira wa kutandika. Kuna wanaotoa wenyewe nusu ya vitu hivyo. Maduka ya dawa yanauza seti iliyofungwa tayari, na si mbaya, ila ifungue uhesabu ukiwa pale pale dukani.

Ukiwa kliniki, usiondoke bila kuulizia chanjo yako ya pepopunda na chandarua chenye dawa. Chandarua kikiwa kipya, kining'inize kivulini siku nzima kabla ya kukilalia. Ukikifua, tumia sabuni ya kawaida ya mche na ukianike kivulini, maana jua kali linapunguza nguvu ya dawa. Vile vichandarua vya mwavuli vyenye maua vinafaa mchana kwa nzi na kwa picha za kutuma kwa shangazi. Vingi havina dawa. Usiku mtoto awe ndani ya kile kikubwa.

Hatua ya pili ni nguo, na hapa ndipo hela inapopotea. Ukiingia Kariakoo, Mtaa wa Kongo, utaona vigauni kama vya bibi harusi. Vipite tu. Mtoto wa kawaida anazaliwa na kilo 3 hivi, na kwenye wiki ya sita anaweza kuwa kilo 4 na nusu. Kigauni cha kilo 3 atakivaa wiki mbili, tena kwa kukitapikia maziwa. Mimi naweka haya: fulana 6 za kufunga mbele, suti 4, soksi jozi 4, kofia 2, shali 2 na taulo laini 2. Tazama, beseni bado lina nafasi.

Na msiogope mitumba. Nguo ya pamba iliyokwishafuliwa mara hamsini huko ilikotoka ni laini kuliko mpya. Ukiwa soko la mitumba la Karume, chagua hivi. Vuta kila kifungo kwa nguvu. Kikilegea, kitakuja kuingia mdomoni. Kata vile vitambulisho vya shingoni. Halafu soksi, leteni kamera karibu: igeuze ndani nje. Unaona huu uzi unaoning'inia? Uzi kama huu, au hata unywele wako mama, ukizunguka kidole cha mguu cha mtoto unaweza kukaza mpaka kidole kikavimba na kubadilika rangi. Mtoto atalia, utadhani tumbo. Kwa hiyo kata nyuzi zote, na akilia bila sababu, mvue soksi kwanza.

Sasa nataka mnisikilize vizuri. Wengi wetu tunarithi nguo. Mama mkwe anafungua sanduku, anatoa shali aliyomfungia mumeo, na chumba kizima kinanukia vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo na mende, naftalini. Nguo hiyo asivishwe mtoto mchanga. Huku kwetu, hasa pwani na sehemu zote zenye malaria ya muda mrefu, kuna watoto wengi wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD kwenye damu, na huwezi kujua kwa kumwangalia. Mtoto wa namna hiyo akivuta harufu ya naftalini, chembe zake nyekundu za damu zinavunjika, anageuka wa njano, na hali inaweza kuwa mbaya haraka. Kufua mara moja haitoshi kama harufu bado ipo. Fua, anika kwenye upepo, rudia siku kadhaa, na ukiendelea kuisikia, iache sandukuni. Mwambie mama mkwe kwa adabu: "Mama, hii tutamvisha akikua." Hakuna atakayekasirika.

Kila nguo, mpya au mtumba, ifuliwe, ikauke kabisa, ipigwe pasi pande zote mbili, hasa mishono. Bibi yangu alikuwa anapiga pasi ya mkaa mpaka nepi, na mimi nikiona ni mbwembwe. Kumbe kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake anaingia kwenye ngozi ya atakayeivaa. Moto wa pasi unayamaliza mayai hayo.

Hatua ya tatu, nepi. Piga hesabu nami. Mtoto mchanga anaweza kuchafua nepi 10 kwa siku. Wiki sita ni siku 42. Hizo ni pampasi 420. Ukiweza, nunua, lakini usijaze saizi ndogo kabati zima, ataziacha kabla hazijaisha. Mimi nachanganya: pampasi za usiku na za safari ya kliniki, mchana nepi za kitambaa dazeni mbili na pini 6. Ongeza ndoo yenye mfuniko ya kulowekea. Najua, ndoo haiingii kwenye beseni. Beseni linaingia juu ya ndoo. Nimeshinda kesi.

Wale ambao hamjawahi kufunga nepi ya kitambaa, tazameni mikono yangu. Mwanasesere huyu nimemkopa kwa binti ya jirani, kesho anamtaka. Kunja mraba upate pembetatu. Ule upande mrefu uwe juu, kiunoni. Mlaze mtoto katikati, kona ya chini ipande kati ya miguu, kona mbili za pembeni zije mbele. Sasa, kabla ya pini, ingiza vidole vyako viwili ndani, kati ya nepi na tumbo. Pini ipite juu ya vidole vyako, hivi, kwa kulala, isielekee chini. Ikikosea, ikuchome wewe. Halafu kunja ukingo wa mbele uwe chini ya kitovu. Kitovu kisifunikwe na nepi yenye mkojo.

Tukiwa hapo hapo kitovuni: hakipakwi kitu ambacho mhudumu hakukupa. Si majivu, si mate, si poda, si mafuta ya taa. Kikae kikavu na safi, kwa kawaida kitadondoka chenyewe ndani ya wiki mbili. Kikinuka, kikitoa usaha au ngozi ya pembeni ikawa nyekundu, usisubiri kuche. Vivyo hivyo mtoto akigoma kunyonya, akipata homa, akipumua kwa shida, akishikwa na degedege au akigeuka wa njano.

Kuoga kusiwe na haraka. Ushauri wa sasa ni kungoja angalau saa 24 baada ya kuzaliwa, kwani mtoto mchanga anapoteza joto upesi. Na siku ikifika, beseni ndilo hili hili, maji yajaribu kwa kiwiko, maana kiganja cha mpika chapati hakisikii tena moto.

Hatua ya nne, mahali pa kulala. Kitanda cha mtoto si lazima. Ukimpelekea fundi seremala kazi, mwambie jambo moja: kopo la soda lisipite kati ya fito na fito. Likipita, mwili wa mtoto unaweza kupita na kichwa kikabaki. Godoro liwe gumu na lijae kitanda, lisiache pengo pembeni. Mtoto alale chali, kila usingizi, bila mto. Nasikia mnaniuliza, na kichwa kitakaaje? Kile kimto kinachouzwa cha kutengeneza kichwa, acheni. Leo mgeuzie uso kulia, kesho kushoto, na akiwa macho mlaze kifudifudi kidogo mbele yako ukimwangalia.

Wenzangu wa Njombe, Makete na Lushoto, najua baridi yenu, mwezi wa Julai mtu anaona pumzi yake. Lakini jiko la mkaa lisiingie chumba alicholala mzazi na mtoto. Hewa ya mkaa haina harufu ya kukuamsha. Mtie mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, blanketi juu yenu wawili, na hapo anapata joto kutoka kwako usiku kucha ukiwa macho au mtu anawaangalia. Hospitali zinatumia njia hii hii kwa watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati.

Hatua ya tano nitaipitia haraka, ni vitu vilivyokataliwa na beseni. Chupa na chuchu: miezi 6 ya kwanza ni ziwa tu, hata maji hapana, na yale maziwa mazito ya njano ya mwanzo usiyakamue ukamwaga. Likitokea la kutokea, utakamua na kumnywesha kwa kikombe kidogo, ambacho ni rahisi kuosha kuliko chupa. Poda: inaingia mapafuni. Wanja: mwingine una madini ya risasi, na jicho la mtu baya halizuiwi kwa risasi. Kigari cha kujifunzia kutembea: Kanada waliupiga marufuku uuzaji wake tangu 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka nacho kwenye ngazi. Kwetu ngazi ni chache, majiko ya chini ni mengi, hesabu yenyewe ni ile ile.

Kiti cha gari ni habari nyingine. Kama mna gari, nunueni, na mtoto mchanga atazame nyuma, akae siti ya nyuma, kamwe si mbele penye mfuko wa hewa, ule unaofumuka gari likigonga. Cha mtumba sikipendi, kwa sababu huwezi kujua kama kilishapata ajali. Kigeuze chini, vingi vina mwaka wa kutengenezwa uliogandishwa kwenye plastiki, na vingine mwaka wa mwisho wa kutumika. Ndugu zetu mnaojifungulia Ulaya na Marekani, ninyi nunueni mapema, huko hospitali nyingi zinakiulizia kabla hamjaondoka na mtoto.

Sasa tufunge mkoba. Ule usiku wangu, mpira ulipopatikana, nesi akamwambia mume wangu, "Kaka, nipe kanga ya kumpokelea mtoto." Kaka akaingiza mkono, akatoa kigauni. Akaingiza tena, akatoa viatu. Viatu vya mtoto wa siku moja! Kanga ilikuwa chini kabisa. Akamwaga mkoba wote kwenye benchi la korido, pini zikatawanyika, kila mtu akaona nguo zangu za ndani.

Kwa hiyo nafunga kinyumenyume. Cha mwisho kutumika kinaingia kwanza: nguo zangu za kurudia nyumbani, na suti ya mtoto ya kurudia. Juu yake pedi, sabuni, mswaki, kikombe, chupi tatu nyeusi. Juu yake mfuko wa rambo nilioandika kwa kalamu nene MTOTO, una kofia, soksi, fulana, nepi na shali. Juu kabisa mfuko wa pili, CHUMBA CHA KUZALIA: vya kwenye orodha ya nesi, mpira, na kanga safi doti 3 zilizopigwa pasi. Moja ya kumpokelea na kumkaushia, ya pili kavu ya kumfunga, zilizobaki zangu. Ya kwanza italowa, usimfunge nayo. Kadi ya kliniki haiingii ndani, ikae mfuko wa pembeni pamoja na hela ya nauli na namba ya dereva wa bajaji iliyoandikwa kwenye karatasi, simu huzimika.

Ukifika wiki ya 34 hivi, mkoba ukae nyuma ya mlango. Muite utakayekwenda naye, awe mume, dada au jirani. Usimwonyeshe. Mwambie azime taa, kisha mwambie, "Nipe kanga ya kumpokelea." Wangu mimba ya pili alitumia sekunde nne.

Nimemsikia mwenye mwanasesere wake mlangoni, ngoja nimrudishie. Kama orodha ya kliniki yenu ina kitu sikukitaja, niandikieni hapo chini na mkoa mliopo.