Arturo Schomburg na Orodha Yake

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Arturo Schomburg, mkusanyaji wa vitabu vya watu weusi, alizaliwa katika kisiwa cha Puerto Rico mwaka 1874. Inasimuliwa kwamba akiwa mtoto shuleni, mwalimu wake alimwambia kuwa watu weusi hawana historia wala mashujaa. Mtoto yule akaanza kutafuta vitabu, na hakuacha hadi kufa.

Hakuwa tajiri. Alihamia New York mwaka 1891, na kwa zaidi ya miaka 20 akafanya kazi katika benki, upande wa barua. Mshahara huo ndio ulionunua vitabu. Rafiki zake waliposafiri, aliwatuma wamtafutie.

Niruhusuni nifungue kitabu kimoja kati ya vile alivyovithamini: mashairi ya Phillis Wheatley, yaliyochapwa London mwaka 1773. Mtunzi alikuwa mtumwa kule Boston. Kabla hujafika kwenye shairi la kwanza, unakuta ukurasa wenye majina ya mabwana 18 wa Boston, gavana akiwemo, wakithibitisha kwamba kweli binti huyu ndiye aliyeyatunga. Hebu fikirini! Binti katunga, kitabu kimechapwa, na bado anahitaji mashahidi.

Ukurasa huo huniuma kila niukumbukapo, na ndio ulionifanya nimwelewe Schomburg. Mwaka 1916 alichapisha orodha ya vitabu vya ushairi vya Wamarekani weusi: nani katunga, kitabu kinaitwaje, kilichapwa wapi, lini. Basi. Hakuna bwana wa kumdhamini mtu. Wengi humsifu kwa wingi wa vitabu alivyokusanya, lakini mimi naitanguliza orodha hii. Kitabu kimoja kabatini mtu anaweza kukiita bahati. Washairi waliopangwa jina baada ya jina, huwezi kuwapuuza kirahisi hivyo.

Mwaka 1926 mkusanyo wake, vitabu zaidi ya 5,000 pamoja na miswada na picha, ulinunuliwa kwa dola 10,000 zilizotolewa na shirika la Carnegie, ukawekwa katika maktaba ya umma ya Harlem, mtaa wa watu weusi kule New York. Fedha zile zikampeleka Ulaya, na huko Sevilla akazama katika nyaraka za kale akiwatafuta weusi wa Hispania.

Mwaka 1932 maktaba ile ikamwajiri aje kuvitunza vitabu vilevile alivyokuwa amewauzia. Alikuwa bado kazini hapo alipofariki, Juni 1938.